Miaka 16 ya kunyamaza

Katika karne ya 14, mwanafunzi wa madrasa za Morocco aliruhusiwa kukaa bwenini miaka 16. Tunis muda huo ulikuwa miaka 5. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliijua miji ya pande zote mbili: alizaliwa Tunis mwaka 1332, na ujanani aliishi Fez. Katika Muqaddima, kitabu alichokiandika mwaka 1377, anasema wazi kwa nini wa Morocco walihitaji muda mrefu kiasi hicho. Walihudhuria darasa kimya. Walijishughulisha na kuhifadhi kupita kiasi, hawakuuliza wala hawakubishana, na walipotakiwa watoe hoja au wafundishe, waliishia kubabaika. Dawa aliyoitoa ni nyepesi: mwanafunzi afunguliwe mdomo, ajadiliane na wenzake juu ya kile anachokisoma.

Nimemtaja kwanza kwa makusudi. Kila ukizuka mjadala kuhusu elimu, hapakosi mtu wa kusema kwamba kukariri na bakora ndiyo njia ya wazee wetu wa Kiislamu, na kwamba kumpa mtoto nafasi ya kuuliza ni mambo ya Wazungu. Anayesema hivyo hajawasoma wazee hao.

Ukiacha ukimya, kilichomkera Ibn Khaldun zaidi ni muhtasari. Wanazuoni wa nyakati zake walikuwa wakiyakamua mavitabu makubwa mpaka yakabaki maneno machache ya kuhifadhiwa. Aliwataja kwa majina, akiwamo bingwa wa nahau Ibn Malik, ambaye Alfiya yake ya beti zipatazo elfu moja inasomeshwa hadi leo. Hoja yake ni kwamba anayeanza hupewa hitimisho kabla hajawa tayari kulipokea, kisha muda wake unaishia katika kufumbua maneno yaliyobanana. Yeye alipendekeza somo lipitiwe mara tatu: mara ya kwanza misingi tu kwa maelezo ya jumla, mara ya pili kwa ufafanuzi na hitilafu za wataalamu, na mara ya tatu pasiachwe fundo lolote. Sasa hebu tazama madesa yanayouzwa nje ya vyuo vikuu vyetu, na tuisheni zinazomfundisha mtoto kubashiri maswali. Ibn Khaldun angeyatambua mara moja.

Hata hivyo, tusiwageuze wazee hao kuwa maadui wa kuhifadhi. Kuna kisa mashuhuri cha mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Alikuwa kijana akirejea Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, wezi wakauvamia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na maandiko yake ya darasani. Akawafuata akiwasihi wamrudishie karatasi zile tu, kwani ndani yake mlikuwa na elimu aliyoifuata safari ndefu. Mkubwa wao akacheka: vipi mtu adai anajua, na elimu yake inaweza kuibwa? Karatasi alirudishiwa, lakini maneno yale yalimkaa. Alipofika kwao alijifungia miaka 3 mpaka akahifadhi yote aliyokuwa ameandika.

Swali basi ni kuhifadhi vipi, na hapo mwanazuoni Zarnuji ndiye fundi. Kijitabu chake cha adabu za mwanafunzi, kilichoandikwa miaka ya karibu na 1200, kinatoa hesabu kamili: somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio yake juu ya kusahau mwaka 1885, na hadi leo wataalamu wanasisitiza kurudia somo kwa kulitawanya siku kadhaa. Lakini Zarnuji huyohuyo, pamoja na kupenda marudio, anaona saa moja ya mjadala na mtu muungwana inashinda mwezi mzima wa kurudia peke yako. Akaweka sharti: usijadiliane na mkaidi.

Huku pwani, ninavyoona mimi, waliotunza desturi hii ya kusoma kwa kuelewa ni watu wa darsa kuliko walimu wa watoto. Mtu kama Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu aliyeanzisha madrasa yake Ukutani, Zanzibar, alitoka katika utaratibu wa kusoma kitabu mbele ya mwalimu. Mwanafunzi anasoma kwa sauti, sheikh anafasiri kwa Kiswahili. Msomaji akikosea irabu, akatia kasra penye fatha, sheikh anakohoa. Akirudia kosa, anasimamishwa aeleze kwa nini. Kitabu hakifungwi mpaka kimeeleweka, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ambayo mwanafunzi anakuja kupewa hutoka kwa mtu aliyemsikia akisoma.

Kwa watoto wadogo mambo ni mengine, na hapo ndipo bakora inapoingia. Ibn Khaldun aliandika kwamba ukali humfundisha mtoto uvivu, uongo na hila, maana hujifunza kuonyesha lisilomo moyoni ili mkono usimfikie, na mwisho hila zinakuwa tabia yake. Akamnukuu mwanazuoni mmoja wa Kairouan aliyemtangulia, kwamba mwalimu akilazimika kupiga asizidishe viboko vitatu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 zinaruhusu vinne.

Wazo lililokwenda mbali kuliko yote, hata hivyo, lilitoka Sevilla. Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi, aliyefariki mwaka 1148, alitaka mtoto aanze na lugha na mashairi, aende kwenye hesabu, ndipo aingie kwenye Qurani akiwa anaelewa anachokisoma. Ibn Khaldun alilisifu pendekezo hilo, kisha akasema halitafuatwa. Wazazi, alieleza, wanaogopa kwamba mtoto akibaleghe atawatoka mikononi na huenda asiisome Qurani tena, kwa hiyo wanaiwahi angali chini yao. Mzazi wa Tanga anayemvusha mwanawe barabara saa kumi jioni kumpeleka chuoni, juzuu kwapani, hesabu yake ni hiyohiyo: huyu akifika kidato cha pili hakamatiki.