Nilirudisha 600,000 kwa Kamera Ambayo Haikuwa na Tatizo

Mimi nauza kamera za mtumba, zile za zamani za kuweka mkanda. Vijana siku hizi wanazitafuta. Leo nakupa somo lililonikata mfukoni.

Niliuza Nikon FM2 kwa shilingi 600,000. Siku ya tatu mteja akarudi amevimba: "Kaka, umeniuzia kimeo!" Kuchungulia, kweli, kile kiduara cha katikati nusu yake nyeusi. Nikamrudishia hela yote, na nilishaipangia kodi ya fremu. Alipoondoka nikachomoa kioo cha fokasi nikakifuta kwa shati. Kikachubuka.

Kumbe kilikuwa kizima! Fundi mmoja mzee ndiye aliyenifumbua macho. Mteja alikuwa amefunga lenzi ya zumu inayoishia f/5.6. Kioo kile na lenzi ile haviendani, basi.

Kioo cha fokasi ni kile kiplastiki kidogo ndani ya kamera ambacho picha hutua juu yake unapochungulia. FM2 ina vya aina tatu:

1. K2: Ndicho cha kawaida. Katikati picha imekatwa vipande viwili, vikilingana, fokasi imekaa. Kizuri kwa lenzi zenye mwanga, mfano 50mm f/1.8. Kwa lenzi za f/5.6 kwenda juu, nusu huweza kuwa nyeusi.

2. B2: Hakina picha iliyokatwa. Kinafaa zumu na lenzi ndefu.

3. E2: Kama B2, ila kina mistari ya miraba. Anayepiga majengo au nyaraka mpe hiki, mistari yake itanyooka.

Kabla hujaagiza kioo, angalia kamera yenyewe. Canon AE-1 haikutengenezwa mtumiaji abadilishe kioo mwenyewe, lakini AE-1 Program inabadilishwa. Olympus OM-1 nayo inabadilishwa, unapitia mlango wa lenzi. Na kioo cha FM2 kinaingia kwenye Nikon FE, ila kwa kuwa kinang'aa zaidi, kipimo cha mwanga kinapotoka kidogo.

Usikiguse kwa kidole, tumia kibanio chake. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira. Likigoma liache, halitokei kwenye picha.

Siku hizi kabla sijapokea hela nauliza: "Unapiga picha za nini? Lenzi yako ipi?" Na mteja akirudi analalamika, najaribu lenzi nyingine mbele yake kwanza. Ningefanya hivyo siku ile, dakika mbili tu zingeokoa laki sita na kioo changu.

Wewe je, bidhaa yako ina kitu gani ambacho mteja anaweza kukiona kibovu kumbe ni kizima? Mweleze kabla hajalipa.