Kioo cha Kompyuta cha Bei Nafuu Katika Nchi ya Unyanyembe

Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaifikia Kaze, katika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, wakiifuata njia ambayo misafara ya Waarabu na ya Wanyamwezi ilikuwa imekwisha kuizoea. Na kila tajiri wa misafara hiyo alijua kuwa ushanga uliopendwa katika nchi moja waweza kukataliwa katika nchi ya pili, hata mzigo uliochukuliwa begani na mpagazi kwa miezi mizima ukakosa thamani. Reli iliwasili Tabora 1912, na leo kioo cha kompyuta hutoka Kariakoo kikafika hapa kwa basi katika siku moja. Lakini elimu ya kuijua bidhaa kabla ya kuitolea mali ingali ile ile, na mwenye fedha haba ndiye anayeihitaji zaidi, maana mwenye nazo akikosea hununua kingine.

Aghalabu kioo kinunuliwacho hapa na mwanafunzi wa Chuo cha Askofu Mkuu Mihayo, au karani wa chama cha ushirika, au kijana aliyefungua steshenari, ni kile kilichokwisha kutumika katika maofisi ya Ulaya. Sioni fedheha yoyote katika mtumba wa namna hiyo, na kilichotoka Uingereza huja hata na plagi ya pini tatu iingiayo katika soketi zetu bila taabu. Hadhari yake ni moja: vioo vya zamani viliangazwa na mirija myembamba ya taa, ambayo nuru yake hufifia kwa miaka na weupe wake kuelekea manjano, ilhali vya siku hizi huangazwa na taa za LED zidumuzo zaidi. Mnunuzi na aombe kioo kiwashwe dukani, kifunguliwe ukurasa mweupe mtupu, atazame pembe zote nne. Kisha ukurasa mweusi, atafute nukta iliyokwama ikiwaka peke yake. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

Jambo kubwa, hata hivyo, ni herufi. Kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe hadi pembe ya pili, na watu wengi huuliza inchi tu, kana kwamba ukubwa ndio uzuri. Kumbe taswira yote hufanywa kwa nukta ndogo ndogo za nuru, na hesabu ya nukta hizo ndiyo inayoamua kama jicho litasoma kwa raha. Kioo cha nukta 1366 kwa 768 kina nukta milioni moja na kidogo. Cha 1920 kwa 1080 kina milioni mbili na zaidi. Nukta hizo milioni mbili zikitandazwa katika inchi 22 hukaribiana kiasi cha 100 kwa kila inchi, na herufi hutoka safi. Zikitandazwa katika inchi 27 hubaki kama 82 tu, na mwenye kusoma hesabu tangu asubuhi hata alasiri huanza kuona kingo za herufi zikiparuza. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo, ambaye kazi yake ni maandishi, namshauri achukue inchi 22 au 24 zenye nukta hizo kamili, na asitamani upana zaidi. Fauka ya hayo, kompyuta ipangwe itoe idadi ile ile ya nukta iliyomo katika kioo, na kama pana tundu la HDMI, waya wake utumike badala ya ule wa VGA, mfumo uliotolewa na IBM 1987, ambao hupeleka picha kwa mawimbi ya umeme yawezayo kuchafuka njiani.

Ziko namna tatu za vioo zitajwazo katika maboksi. TN ni rahisi, lakini rangi zake hugeuka ukikitazama kutoka upande au chini. VA ina weusi mzito. IPS hutunza rangi hata kwa aketiye pembeni, na siku hizi hupatikana hata katika vioo vya bei ya chini.

Katika kiangazi cha Tabora jua ni kali na vumbi halina simile. Meza iwekwe ubavuni mwa dirisha, nuru isimpige mtu usoni wala isiangukie kioo. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, wala si kwa spiriti, ambayo huweza kuharibu utando wa juu. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe, kwa kuwa hatari aghalabu imo katika kishindo cha kurudi kwake. Habari njema ni kwamba kioo cha LED cha inchi 22 hula wati 25 hivi: kwa saa nane kila siku, yuniti moja ya LUKU hutosha siku tano.

Mguu wa kioo rahisi mara nyingi haupandi wala haushuki, nami nimekiinua kioo changu kwa ubao hata ukingo wake wa juu ukalingana na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na ukavu huo ndio asili ya muwasho ulalamikiwao na wengi. Basi kila dakika 20 atazame kitu kilicho mita sita mbele.

Ama kwa michezo, kioo cha kawaida huibadili picha mara 60 kwa sekunde, na kwa mpira wa kwenye kompyuta hiyo yatosha kabisa. Ziada ya 75 au 100 ni neema kwa mchezo wa mbio, si faradhi. Wengi hutumia televisheni mahali pa kioo, lakini televisheni huitengeneza picha kabla ya kuionyesha, na isipowekwa katika hali ya michezo, kidole hubonyeza shuti nao mpira ukaondoka baada ya kitambo ambacho mchezaji hodari hukihisi mara moja. Kioo cha kompyuta, hata cha bei ya chini, kwa kawaida huchelewa kidogo sana, na ndiyo sababu watoto wa ndugu yangu wameiacha televisheni ya sebuleni, wakahamia mezani kwangu kila Jumamosi jioni.