Betri za lithiamu zashuka bei, altaneta hatarini

WAMILIKI wa malori wanaofunga betri za ziada za lithiamu kwa ajili ya jokofu, feni na taa za kabini wanapaswa kupiga hesabu ya mfumo mzima kabla ya kulipa, kwani bei ya betri peke yake si gharama yote.

Kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, bei ya wastani ya betri za lithiamu duniani ilizidi dola 1,000 za Marekani kwa kilowati-saa mwaka 2010. Mwaka 2024 ilikuwa dola 115. Dukani bei huwa juu zaidi kutokana na usafirishaji, kodi na faida ya muuzaji.

Faida kwa msafirishaji iko wazi. Betri ya risasi ikitumiwa kila siku kupita nusu ya uwezo wake huchakaa mapema. Ile ya lithiamu feri fosfeti hutoa asilimia 80, huchajiwa mara elfu kadhaa, na uzito wake ni kama nusu. Dereva anayelala kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma hana haja ya kuacha injini ikiunguruma na kuchoma dizeli usiku kucha.

Tatizo liko kwenye altaneta. Betri ya risasi hupunguza umeme inaopokea kadiri inavyojaa. Ya lithiamu ina ukinzani mdogo wa ndani, hivyo inaweza kuvuta karibu umeme wote wa altaneta mpaka ikaribie kujaa. Injini ikizunguka polepole, feni ya altaneta nayo huzunguka polepole, joto hupanda, na koili au daiodi huungua. Aidha, saketi ya ulinzi ya betri ikikata ghafla wakati wa kuchaji, volti huruka na kuweza kuharibu daiodi na vifaa vingine vya elektroniki.

Kinga yake ni chaja ya DC-DC inayofungwa kati ya mfumo wa lori na betri ya ziada. Chaja hiyo huweka kikomo cha umeme unaovutwa. Ya ampea 30 hujaza betri tupu ya ampea-saa 100 kwa takriban saa tatu na nusu. Kwa kuwa malori mengi makubwa hutumia volti 24, mwenye betri ya volti 12 achague chaja inayopokea 24 na kutoa 12. Fyuzi ziwekwe pande zote mbili, na chaja ijizime injini inapozimwa ili betri ya kuwashia isiishe.

Altaneta ikiungua njiani, mwenye lori hulipa kipuri, fundi na siku za kusubiri, na mzigo wa samaki au mboga huweza kuoza. Kwa wauza vipuri, betri na chaja ni bidhaa za kuuzwa pamoja: mteja aliyeunguza altaneta harudi.