Gereji Bila Paa: Mambo Niliyojifunza Emali

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo niliikariri kama kasuku tangu shule ya msingi, nikawa naipachika kwenye kila insha, hata pale isipofaa. Maana yake hasa niliipata likizo ya Agosti iliyopita, nikiwa nimeshika spana mkononi, vumbi limenijaa masikioni, mbele ya pikapu kuukuu ya baba yangu. Wenzangu walioniuliza kwa nini nilichelewa kurudi shuleni siku nne, jibu lenu ndilo hili.

Kwanza, kwa wale ambao huipita Emali wakiwa usingizini ndani ya basi, mji wetu uko kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika Kaunti ya Makueni, karibu kabisa na mpaka wa Kajiado. Hapo ndipo barabara ya Loitokitok inapochepuka kuelekea kusini. Reli ya zamani inapita hapo, na reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 ina stesheni yake papo hapo. Nyanya na vitunguu vya Kimana hupita kwetu vikienda sokoni. Sasa, penye magari mengi hapakosi magari mabovu, na penye magari mabovu hapakosi mafundi.

Mjomba wangu ni mmoja wa mafundi hao. Kibanda cha mabati anacho, lakini kinatosha vifaa na spea tu. Gari haliingii hata ukilikunja. Kazi yote hufanyika nje, chini ya mgunga mmoja ambao kivuli chake huhama kila saa, na mafundi wakahama nacho. Hii ndiyo jua kali yenyewe.

Jina hili lina historia yake. Mnamo mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ikaonyesha kwamba watu hawa wanaofanya kazi bila ofisi na bila paa si wazururaji, bali ni nguzo ya uchumi. Mwaka wa 1985, Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaamuru wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Bunge nalo likapitisha sheria ya biashara ndogo mwaka wa 2012. Hata hivyo, ukifika pale kwa mjomba saa saba mchana, utajua kwamba jua halijasoma sheria hizo.

Haya, turudi kwenye pikapu. Ni Peugeot 504, aina ambayo iliwahi kuunganishwa hapa hapa Kenya na ambayo ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Hii ya baba haijashinda mashindano yoyote isipokuwa ya kunilipia karo. Siku hiyo baba alitoka Kimana na makreti ya nyanya. Alipokaribia Emali, sindano ya joto ikapanda, mvuke mweupe ukaanza kutoka kwenye bomba la moshi, na gari likaanza kukohoa kama mzee mwenye kifua. Alilifikisha kwa mjomba mnamo saa saba.

Mjomba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwa oili," akasema. "Gasketi ya kichwa imeenda."

"Basi fungua sasa hivi, shemeji," baba akamwambia. "Hizi nyanya hazilali."

"Leo sifungui, shemeji. Kesho alfajiri."

Msomaji mpendwa, hapo nilidhani ndugu hawa wawili watapigana. Karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa ndani ya yale makreti. Lakini mjomba alishika msimamo, akatoa sababu zake moja baada ya nyingine, nami naziandika hapa kwa sababu ndizo elimu yenyewe.

Sababu ya kwanza ni joto. Kichwa cha injini ile ni cha aluminiamu. Ukilegeza boliti zake injini ikiwa bado moto, kichwa hujipinda, na kikishajipinda hata gasketi mpya haitaziba. Wala usijaribu kulipoza kwa kulimwagia maji baridi, maana chuma chenye moto kikipigwa na maji ghafla huweza kupasuka. Na kifuniko cha rejeta usikiguse kabisa. Emali iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yaliyo wazi huchemka yakifika kama nyuzi 96 tu, si 100 kama tunavyoandika kwenye mtihani. Kifuniko hubana mvuke ili maji yavumilie joto zaidi bila kuchemka. Ukikifungua ghafla, kani hiyo hutoweka, maji yakafoka usoni mwako. Nilimweleza mjomba kwamba hiyo ni fizikia. Akanijibu kwamba yeye huiita kuungua.

Sababu ya pili ni upepo. Kwetu mchana upepo huvuma na kubeba vumbi jekundu laini kama unga. Vumbi hilo likiingia ndani ya silinda hufanya kazi ya msasa. Husugua ringi na kuta za silinda mpaka injini inaanza kula oili. Fundi mwenye chumba anaweza kufunga mlango. Fundi wa nje hana mlango ila saa, na saa nzuri ni alfajiri kabla upepo haujaamka.

Sababu ya tatu, gasketi yenyewe haikuwako. Ilibidi iagizwe Nairobi, ije na basi la usiku.

Baba aliuza nyanya kwa wachuuzi wa pale stendi kwa bei ya kutupa. Jioni hiyo hakula. Nami niliingiwa na hasira juu ya mjomba, nikajisemea moyoni kwamba fundi mwoga huyu ametutia hasarani.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu tulikuwa uwanjani. Jioni, injini ilipokwisha kupoa, tulikuwa tumeiosha nje kwa brashi na kuipangusa, kwa maana uchafu wa juu huangukia ndani pindi unapofungua. Mjomba akaanza kuinua mbele ya gari ili alegeze bomba la moshi kutoka chini. Hana shimo la kusimama chini ya gari, na anasema halitaki, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama shimoni ukingoja cheche moja tu.

Kanuni zake za kuinua gari ni hizi. Magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, mbele na nyuma. Jeki isimame juu ya ubao mpana, pasipo mchanga mlaini. Gari likianza kupanda, gurudumu la akiba lilazwe chini ya fremu. Likishapanda, liwekewe magogo ya mti mgumu, si mawe wala matofali, maana jiwe hupasuka bila kuaga lakini mti hulia kwanza. Na mwisho, mtu asiingize hata kidole chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Mimi nilipewa kazi moja tu: kunyunyiza maji kidogo ardhini ili kuzuia vumbi. Nikataka kuonyesha bidii. Kumbe nilimwaga ndoo nzima, na maji yakateremka mpaka chini ya ubao wa jeki.

Gari lilikuwa limeinuka, gurudumu la akiba limelazwa, magogo bado. Spana ikamponyoka mjomba, ikabingirika chini ya injini. Nikapiga magoti nikaifuata.

"Wewe! Toka hapo!"

Mjomba alinidaka kwa kifundo cha mguu, akanivuta kama mbuzi. Wakati huo huo ubao ukazama upande mmoja kwenye tope langu mwenyewe, jeki ikainama, na gari likashuka kwa kishindo juu ya gurudumu la akiba. Spana ilikuwa palepale, na mahali ambapo kichwa changu kingekuwa palibaki nafasi ya shubiri moja hivi.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Baba alikaa chini kwenye vumbi. Mjomba akanionyesha mkono wake wa kushoto, ambao vidole vyake viwili havikunjiki. Nilivijua vidole vile tangu utotoni, lakini sikuwahi kuuliza. "Hii ilikuwa jeki juu ya jiwe," akasema. "Mwenye gari alikuwa na haraka, na mimi nikaazima haraka yake." Kisha akamgeukia baba kwa upole: "Shemeji, ndiyo maana jana nilikataa."

Tulihamisha jeki mahali pakavu, tukaanza upya, safari hii na magogo. Sikupewa tena ndoo.

Kufungua kichwa cha 504 kuna siri yake. Silinda zake ni mikono ya chuma iliyochomekwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji. Ukikinyanyua kichwa moja kwa moja, huweza kuivuta mikono hiyo kidogo, muhuri wake wa chini ukaharibika, na maji yakaanza kuvuja hadi kwenye oili tena. Kwa hivyo mjomba alikitikisa kichwa kwanza kushoto na kulia mpaka kikaachia, ndipo tukakiinua. Baada ya hapo alifunga vibano vya kushikilia mikono ile, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungusha injini.

Boliti nazo hazikutupwa kwenye kopo. Alichukua katoni, akachora umbo la kichwa, akatoboa matundu, na kila boliti ikakaa kwenye tundu lake. Matundu yote ya injini yalizibwa kwa vitambaa safi. Tulivihesabu: vilikuwa vitano, na vitano sharti vitoke. Oili mbovu tuliikinga kwa karai, tukaitia kwenye mtungi. Haimwagwi chini, kwa kuwa mvua ya Novemba ikija huisomba hadi kwenye mto wa mchanga, na huko ndiko watu wanakochimba maji ya kunywa.

Mjomba akaweka rula ya chuma juu ya kichwa, akaitazama dhidi ya mwanga wa jua lililokuwa likichomoza. Akajaribu kupenyeza kipimo chembamba chini ya rula, pande zote na kimshazari. Hakikupenya. "Haijapinda," akasema, na baba akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu jana. Kama tungelazimisha kazi saa saba ile, kichwa kikiwa moto, sidhani tungesikia neno hilo.

Gasketi mpya ikalazwa. Boliti zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kila moja kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo. Ukianza pembeni, utabana hewa na mkunjo katikati. Oili mpya, maji mapya, na mnamo saa tano, upepo ukianza kuinua vumbi, injini ikawaka. Moshi ulikuwa safi. Baba alimshika mjomba mkono, hakuachia upesi.

Baba alifanya safari mbili zaidi za Kimana ndipo karo yangu ikatimia. Zile siku nne nilizokosa ni bei ya ndoo ya nyanya, siku ya kungoja, na masaa ambayo nilisimama mbali kidogo na gari nikitetemeka.

Nikitamatisha, sitaki mtu aseme kwamba nimesifu kufanya kazi juani. Sakafu ya saruji isingezama, na ukuta ungezuia vumbi. Vidole vya mjomba vingekunjika leo kama angekuwa na vifaa vya kutosha tangu ujana wake. Viongozi wanaoahidi vibanda kila uchaguzi na watimize ahadi. Lakini nilichokiona ni kwamba fundi asiye na paa hulazimika kujenga gereji yake kwa vitu vingine: kwa saa ya alfajiri, kwa katoni yenye matundu, kwa vitambaa vilivyohesabiwa, na kwa neno moja gumu la kumwambia mwenye gari, hata akiwa shemeji yake: "Leo sifungui."

Mchagua jembe si mkulima, naam. Ila mkulima asiyelijua jembe lake litamkata mguu. Hiyo ya pili si ya wahenga. Ni yangu, na walimu wetu wanisamehe nikiitumia kwenye insha.