Vinara wa Vitabu vya Picha: Sumbawanga Yaingia Fainali

Tumevipanga uwanjani vitabu vya picha vya watoto kutoka pande zote za dunia, tukavipima kwa vipimo vya Rukwa. Upendeleo kwa mwenyeji upo, hatufichi.

1. Mkongwe: 1658

Johann Amos Comenius, mwalimu mzaliwa wa Moravia, alitoa Orbis Sensualium Pictus mjini Nuremberg, kwa Kilatini na Kijerumani. Kina sura 150, na picha zake zilichongwa kwenye ubao ndipo zikachapwa. Ukongwe wake? Wareno walikuwa bado wamo Fort Jesus, Mombasa. Waomani waliitwaa ngome hiyo miaka 40 baadaye. Tanganyika ilipopata uhuru, kitabu kilikuwa na miaka 303.

2. Mfalme wa mauzo: zaidi ya nakala milioni 50

The Very Hungry Caterpillar cha Mmarekani Eric Carle, 1969. Kiwavi mlafi anatoboa matunda na kurasa pamoja. Matundu ni ya kweli, mtoto anapitisha kidole. Kuyatengeneza Marekani kulikuwa na gharama kubwa, hivyo uchapaji wa kwanza ukapelekwa Japani. Sensa ya 2022 iliikuta Rukwa na watu milioni 1.54. Gawa sasa: kila mtu, kuanzia kichanga wa Malangali hadi mvuvi wa Kasanga, angepata nakala 32, na nyingine zingebaki!

3. Bahili wa maneno: 50

Vitabu visivyo na neno hata moja tumeviengua. Huo si ubahili, ni kufunga duka. Kombe linakwenda kwa Dr. Seuss na Green Eggs and Ham, 1960. Mchapishaji wake, Bennett Cerf, alimwekea dau la dola 50 kwamba hataweza kuandika kitabu kizima kwa maneno tofauti yasiyozidi 50. Akaweza. Nasi tumeweza: hesabu maneno tofauti ya aya hii uone.

4. Kibete: milimita 0.07 kwa 0.10

Teeny Ted from Turnip Town kilichongwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, kwenye silikoni, na husomwa kwa hadubini ya elektroni tu. Hapa Ufipa kipimo chetu cha udogo ni punje ya ulezi. Kwenye mraba wa milimita moja, ambao hauzidi punje hiyo, vitabu hivi vingeenea 140.

5. Kiswahili jukwaani: 1972

Medali ya Caldecott, heshima kuu ya vitabu vya picha Marekani, ilianza kutolewa 1938. Ilipita miaka 34 ndipo mchoraji Mmarekani mweusi akatajwa kwenye orodha yake ya heshima: Tom Feelings, kwa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili. Maneno ni ya mkewe, Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda.

6. Safari ndefu: Sumbawanga hadi Bologna

Hapa tunasimama. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, 1966, ni mchoraji wa Tingatinga. Mtindo huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa juu ya vibao. Kilaka aliuhamishia kitabuni, akawavisha wanyama nguo za maua na kuwasimamisha kwa miguu miwili. Hadithi anazifuata vijijini kwa wasimulizi wenyewe. Mwaka 2001 kilitoka Frische Fische, kwa Kijerumani, huko Uswisi: sokwe ana samaki, mbwa anawanyemelea. Aliyewahi kulinda fungu la migebuka sokoni anamjua mbwa huyo. Kikafuata Gute Freunde: panya anaweka akiba kabla ya ukame, tembo anaikwapua. Hicho ndicho kilichotwaa tuzo ya New Horizons mwaka 2005 kwenye maonyesho ya Bologna, Italia. Baadaye kikaja kitabu cha mti usioangusha matunda mpaka utajwe jina lake.

Kwa mstari ulionyooka, Sumbawanga hadi Bologna ni zaidi ya kilomita 6,000: Sumbawanga hadi Dar es Salaam mara saba! Comenius ana umri, Carle ana mauzo. Kwa uamuzi wetu, kombe la jumla linakuja Ufipa.