KANGAGA TASA LILILOLITANDA ZIWA NAIVASHA

Hivi majuzi nilibahatika kufika Kamere, mahali penye wavuvi na vibarua wa mashamba ya maua, kusini mwa Ziwa Naivasha. Kwa sisi tuliolelewa pwani, ufuo ule si mgeni machoni: mashua zimeegeshwa, nyavu zimeanikwa, na bei ya samaki inagombewa. Tofauti ni kwamba kinachomnyima usingizi mvuvi wa huko si pepo za kusi, bali ni majani.

Mzee mmoja mvuvi aliinama, akachopoa jimea dogo lililokwama kati ya magugu maji, akanitilia kiganjani.

“Hili ndilo lililotufungia ziwa zamani, mwanangu,” aliniambia.

Lilikuwa na majani mawili ya kijani yenye vinyweleo visivyolowa. Chini yake lilining’inia jani la tatu, limechanika nyuzi nyuzi mfano wa mizizi, ingawa mzizi wa kweli halina.

Msomaji mpenzi, hilo ni kangaga, jamaa wa mbali wa makangaga tuyaonayo nyuma ya mikoko yetu. Wataalamu huliita Salvinia molesta, na huamini kuwa ni chotara. Kama alivyo baghala, mtoto wa punda na farasi, nalo ni tasa: vumbi ambalo makangaga mengine huzalia, kwake halioti. Lakini kila kipande kikikatika huwa mmea mpya, na penye maji ya joto na rutuba huongezeka maradufu kwa siku chache tu.

Katika ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, kufikia mwaka 1962 lilikuwa limetanda kiasi cha kilomita 1,000 za mraba. Katika miaka hiyo ya 1960 likazuka Naivasha pia.

Walipolitafutia dawa, wataalamu waliikosea nasaba yake. Walidhani ni Salvinia auriculata, nduguye wa Amerika ya Kusini, wakaleta wadudu waliozoea kumla ndugu huyo. Wadudu hawakufua dafu. Mwaka 1972 mtaalamu D. S. Mitchell alilipa jina lake lenyewe, na mwaka 1978 ndipo kwao kulipogunduliwa, kusini mashariki mwa Brazil. Huko alipatikana fukusi mweusi wa milimita mbili hivi, wa ukoo mmoja na yule atoboaye nafaka zetu ghalani. Mkubwa hula machipukizi, na watoto wake hutoboa shina kwa ndani. Alifaulu Australia mwaka 1981, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaletwa Naivasha. Kangaga likanywea.

Je, wavuvi walipumzika? La. Gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, lilijitwalia nafasi, na fukusi yule hana habari nalo. Mbolea na maji machafu yatiririkayo kutoka mashambani na mijini hulilisha gugu hilo kama yalivyolilisha kangaga. Kujua nasaba kulimwondoa adui mmoja, lakini meza iliyomnenepesha haijaandaliwa upya.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Kamere mgeni wa kwanza amedhoofika, wa pili amekaa kitako, na mwenyeji bado ndiye ampakuliaye.