Steven Kanumba: Kutoka Kaole hadi Vibanda vya Video vya Mpakani

Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984 na kufariki dunia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, ni mwigizaji ambaye maisha yake yanaonyesha waziwazi jinsi filamu ya Kiswahili ilivyochipuka kutoka kwenye sanaa za maigizo, kisha ikaenea hadi miji ya mipakani kama Tunduma, ambao wakati huo ulikuwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe, ambamo mji huo umo sasa, ulianzishwa mwaka 2016.

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kikundi cha Dar es Salaam ambacho tamthiliya zake, yaani maigizo yanayoendelea kipindi baada ya kipindi, zilirushwa na kituo cha ITV. Katika vikundi vya aina hiyo mwigizaji mara nyingi hakupewa maneno ya kukariri, bali alielezwa kisa, tabia ya mhusika wake na mahali onyesho lilipopaswa kuishia, naye akayatunga mazungumzo papo hapo kwa kumsikiliza mwenzake. Malezi hayo, ambayo asili yake ni vichekesho vya jukwaani, humzoesha msanii kugeuka haraka kutoka hali moja hadi nyingine, na ni humo, kuliko katika mvuto wa sura yake, chanzo cha umahiri wa Kanumba kinamostahili kutafutwa.

Alipohamia kwenye filamu, alishirikiana na Wanijeria katika Dar 2 Lagos ya mwaka 2006, akaigiza visa vya mapenzi na usaliti katika Oprah, akawapa watoto nafasi kubwa katika Uncle JJ na This Is It, na mwaka 2011 akaonekana pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Wapo waliomlaumu kwa kuiga mno mtindo wa Nigeria, na lawama hiyo ina ukweli wake, ingawa haimpunguzii sifa ya kuwa mjomba mpole katika filamu moja na mtu wa kuogofya katika nyingine bila mtazamaji kuona mshono.

Umuhimu wake huonekana vizuri zaidi katika kibanda cha video, yaani chumba chenye mabenchi, televisheni na deki, ambamo watu walilipa kiingilio kidogo kutazama filamu. Humo filamu za Marekani, India na China zilihitaji mtafsiri wa kuzisimulia kwa Kiswahili, kazi iliyompa umaarufu mkubwa Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na sauti ya mwigizaji mwenyewe ikafunikwa. Filamu za Kanumba hazikuhitaji mtu wa kati. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika eneo kama Tunduma, ambako Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu, na barabara kuu pamoja na reli ya TAZARA huleta wasafiri wa lugha nyingi ambao Kiswahili huwakutanisha.

Mazishi yake katika makaburi ya Kinondoni, tarehe 10 Aprili 2012, yalihudhuriwa na maelfu ya watu, na filamu zake, mojawapo ikiwa Ndoa Yangu, ziliendelea kutolewa baadaye. Hata hivyo, diski zilizomfikisha mbali zilinakiliwa kwa urahisi, na msanii hakupata chochote kwa kila nakala ya wizi; stempu za kodi za kutambulisha kazi halali za filamu na muziki zilianza kutumika mwaka 2013, naye hakuwapo tena.